Maji ya Mheshimiwa Muigai

Kamati ya kampeni ilikutana Jumatatu asubuhi katika ofisi ya chama, katikati ya jiji, juu ya duka la vitambaa. Mezani palikuwa na chai, sambusa na ramani ya wadi. Veronicah, mwenyekiti wa akina mama wa chama mtaani Woodley, aliketi wima kama masista wa shule walivyomfunza, mkoba mapajani. Alikuwa na neno moja tu. Bomba kuu la mtaa lilikuwa limepasuka tangu kabla ya uchaguzi uliopita, na mifereji ya majumbani ilikuwa mikavu. Alitaka litengenezwe kabla ya kura.

Bwana Kamlesh, mpanga mikakati wa chama, alitabasamu kwa upole.

"Mama Veronicah, tukitengeneza bomba leo, mwezi wa nane tutauza nini? Hoja yetu ni maji."

"Na watu wanywe hoja?"

"Wanywe Mheshimiwa. Si anatoa?"

Hilo lilikuwa kweli. Kila Mheshimiwa Muigai, mwakilishi wa wadi, alipoahidi maji jukwaani, maji yalimchuruzika kutoka mikono ya koti, baridi na safi. Aliponyamaza, yalikatika. Ndivyo ilivyokuwa katika kampeni ya kwanza pia. Alipochaguliwa hakuahidi tena, akakauka muhula mzima.

Basi kila Jumapili baada ya ibada, Woodley yote ilifurika uwanjani na mitungi. Walipanga foleni kwa adabu, wenye watoto wachanga mbele. Hotuba ilipolegea, walimhimiza.

"Mheshimiwa, rudia hapo kwa bwawa!"

"Pandisha ahadi, mtungi wangu bado!"

"Ahidi ya moto kidogo, niko na mtoto!"

Akaahidi, yakatoka ya uvuguvugu. Mpinzani wake, Macharia, naye aliahidi maji katika uwanja uo huo, likamtoka vumbi jekundu. Watu walipangusa viatu, wakaenda zao.

Kamlesh aliutazama umati wa Muigai, akaona kura tu.

"Tumeshinda, Mama."

"Watu hawa hawatakubali kumpoteza," akajibu Veronicah, na hakusema uongo.

Jioni ile, wakibeba mitungi pamoja, alimwuliza jirani yake Ndunge swali moja. "Kwani akishinda, ataahidi nini tena?"

Ndunge aliutua mtungi. "Woi! Huyu akiingia tu, tumekauka."

"Basi."

Habari ilipita nyumba hadi nyumba, kama chumvi ya kuazima.

Siku ya kura Woodley ilimchagua Macharia wa vumbi, kwa wingi usiobishaniwa. Kamlesh alimpigia Veronicah simu.

"Mama, tumekosea wapi? Si walikuja wote!"

"Uwanja bado upo, Bwana Kamlesh. Mlete Jumapili, aanze mapema."

Muigai alikuja, kwa maana mwanasiasa aliyeshindwa hana pengine pa kwenda. Alipanda jukwaani, akakohoa, akatamka kwamba safari hii, kwa hakika, bomba la Woodley litatengenezwa. Maji yalimtoka kwa nguvu kuliko siku zote. Veronicah aliuondoa mtungi wake uliojaa, akaupisha wa Ndunge. Chini ya miguu yao bomba lilikuwa limepasuka pale pale, wala hakuna aliyelitaja tena, ila yeye aliyekuwa jukwaani.