Ndege Iliyonasa Majini

Siku zote dada yangu hunicheka: "Wewe unalipwa kuchafua maji!" Wala hakosei. Ndege ya watalii inayokuja kisiwani kwetu inatua baharini, juu ya maboya mawili marefu ambayo sisi tunayaita viatu. Bahari ikitulia kupita kiasi, viatu vinanata, ndege haipai. Hapo mimi hutangulia na boti, naizungusha huku na huku kutengeneza mawimbi, basi inabanduka.

Mchana ule bahari ilitulia kama uji ulioganda. Na safari hii aliyelazwa sakafuni mwa ndege, viti vimeng'olewa, alikuwa dada mwenyewe. Uchungu wa kuzaa ulimshika kabla ya wakati na damu ilikuwa haikatiki. Muuguzi wetu hakuficha: "Asipofika hospitali ya ng'ambo sasa hivi, tunampoteza."

Rubani akajaribu, nami nikimtengenezea mawimbi kwa mbali kama kawaida. Ndege ikakimbia weee, mpaka karibu na miamba, ikarudi. Akajaribu tena, wapi! Akairudisha gatini.

"Nzito," akasema akichungulia dirishani. "Muuguzi nitamhitaji. Mume ashuke."

Shemeji akarukia gatini na kiatu kimoja mguuni, kingine kikabaki ndani ya ndege.

"Nina mafuta ya kujaribu mara moja tu," Rubani akaniambia. "Mama Mawimbi, leo nikatie karibu. Pale pale mbele ya pua yangu."

Injini ya boti ile ina ugonjwa: ukikata kona kwa kasi, inazima. Nimempigia kelele meneja wa hoteli hadi sauti imenikauka, yeye ananiambia nivumilie. Nivumilie nini, jamani? Ikizima njiani, Rubani itabidi apunguze mwendo asinigonge, na dada yangu ndiyo basi tena.

"Injini ikizima je?"

"Isizime."

Haya.

Nikaondoka. Ndege ikaanza kunguruma mgongoni kwangu. Nikakata kona ya kwanza, injini ikakohoa, ikashika. "Zima uone!" nikaitukana. "Zima, nikutupe baharini leo leo!" Kona ya pili, mawimbi yakafumka vizuri. Niliogopa, sitaki kudanganya. Nikakata kona ya tatu.

Ikazima.

Nikageuka. Propela hiyo inakuja, inanijia mimi. Nikamwona Rubani kabisa, meno ameyauma, mwendo hapunguzi. Nikajitupa chini ya benchi nikimwita mama yangu.

Kivuli kikanipita juu. Maji ya vile viatu yakanimwagikia mwili mzima, mpaka mdomoni. Ilikuwa imepaa!

Nilikuwa bado nimelala pale chini, nalia na kucheka, redio ya boti ilipokoroma. Ile sauti sikuitambua mara moja, ilikuwa nyembamba mno.

"Mdogo wangu," dada akasema, "leo umeyachafua kweli."