Faili la Mama Ukutani

Mkufunzi alikuwa amefundisha mfumo mpya wa dawa katika hospitali sita, na kila alikopita alisifiwa kwa ulimi wake mwepesi. Mfumo wenyewe ulikuwa wa nchi nzima: mgonjwa akiandikiwa dawa kona moja ya nchi, mfamasia wa kona nyingine anaiona papo hapo. Asubuhi ile ilikuwa zamu ya hospitali ya mtaani kwao. Wauguzi na wafamasia ishirini walikuwa wamemkodolea macho, na faili la mfano likagoma kufunguka.

"Basi tutumie mtu wa kweli," akasema, na vidole vikaandika namba aliyoihifadhi kichwani, ya mama yake mzazi. Muda mfupi tu uliopita alikuwa amewaonya wasifungue faili la mtu bila ruhusa yake. "Huyu ni mama yangu, msiogope. Mtaona vidonge vya presha tu, na kwa ubishi wake sidhani kama anavimeza."

Ukumbi ukacheka.

Ukutani, palipomulikwa na projekta, kwa herufi kubwa, ilisomeka dawa ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoondoka. Mama alikuwa akiichukua kila mwezi kwa miaka minne, katika hospitali ya mji wa mbali, tangu mwezi aliofariki baba. Mkufunzi alibabaika akitafuta pa kufunga, akabonyeza sipo, maandishi yakazidi kukua. Safu ya mbele alikaa jirani yao, muuguzi ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Taarifa. Aliinama, akajifanya anatafuta kalamu.

Mkufunzi hakungoja chakula cha mchana. Alikwenda nyumbani mbiombio, habari isimtangulie. Mama alikuwa jikoni akichambua maharage, uso mkunjufu, hajui hili wala lile. Moyo ulimshawishi mkufunzi afunge mdomo.

"Mama, leo nimekuvua nguo mbele za watu," akasema, akaeleza yote, macho sakafuni.

Mama akaweka ungo chini. "Wangapi?"

"Ishirini."

"Na jirani?"

"Naye alikuwepo."

"Kila mwezi nadamka alfajiri, napanda basi, nikapange foleni na watu wasionijua. Nawaaga kwamba nakwenda kumwona mama yako mkubwa."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ningekwambia saa ngapi? Ukija hapa unaongea wewe tu. Ungeniletea semina."

Mkufunzi alitaka kucheka, machozi yakamuwahi. "Nisamehe."

"Nitakusamehe, mwanangu, lakini si leo. Leo niache."

Jioni alimwandikia mkuu wake barua ya kujishtaki. Akavuliwa ukufunzi, akarudishwa kwenye kazi yake ya zamani, kugawa dawa dirishani. Hilo alilimeza. Mama Taarifa naye hakufungua mdomo kwa mtu yeyote, na hilo lilimchoma mkufunzi zaidi, maana yeye mtoto wa kuzaa ndiye aliyetangaza.

Zilipita wiki tatu ndipo mama akamwita. Alimsimulia kidogo kidogo habari za asubuhi ambazo mwili hukataa kuinuka kitandani. Mkufunzi alisikiliza bila kumkatiza, uso ukimwaka kwa kila jambo ambalo hakuwahi kuuliza.