Waliovipa Vitabu Mgongo

Okbun alijua vitabu vimeanza kuharibika kabla hajaona chochote kwa macho. Alikuwa anaingia pangoni na chungu cha uji wa shayiri, harufu ikampokea mlangoni: harufu ya magome ya mforosadi yaliyosahauliwa ndani ya pipa. Akakitua chungu chini, akanusa tena. Ukoo wake wote ulikuwa wa watengeneza karatasi, na harufu ile ndiyo iliyokuwa ikiwaamsha usiku wakimbilie mapipa kabla magome hayajaoza.

Makasha yalikuwa sitini na kitu, yamepangwa kwenye majukwaa ya magogo hadi mwisho wa pango. Ndani yake mlikuwa na kumbukumbu za ufalme, karibu miaka mia mbili, wafalme kumi na watatu. Mfalme akikohoa, kikohozi kimeandikwa. Zamani nakala zilikuwa nne, katika maghala manne ya nchi. Kiangazi kile wavamizi walivuka bahari, mji mkuu ukaanguka, mfalme akakimbilia kaskazini, na maghala matatu yakateketea. Likabaki la mji wa Jeonju. Ndipo Bwana Im Segyun, msomi wa kijiji chao, akapita nyumba kwa nyumba akiwaomba watu migongo yao. Wakayabeba makasha siku kadhaa, wakayapandisha mlima Naejang hadi kwenye pango hili, ambalo hata mbuzi hulifikia kwa kujuta.

Bwana Im mwenyewe alikuwa ameketi kwenye mkeka, kofia yake nyeusi ya singa za farasi kichwani kama kawaida, akiandika daftari la zamu. Alikuwa na miaka sitini na minne, mwembamba, mpole, na mbishi kupita kiasi.

"Bwana Im," Okbun akasema, "vitabu vinaota kuvu."

"Haviwezi. Tumevifunika vizuri."

"Mmevifunika na nini?"

"Karatasi ya mafuta. Na chini yake tumeweka mimea ya kufukuza wadudu, kama wanavyofanya ghalani. Mimi na Mtawa Hyegwan tuliichuma wenyewe asubuhi na mapema, ingali na umande, tukaipanga kwa adabu zote."

Okbun akamtazama. "Ingali na umande."

"Ndiyo. Mibichi kabisa."

"Bwana Im, ghalani wanaweka mikavu."

Okbun akaenda kwenye kasha la karibu, akainua pembe ya karatasi ya mafuta. Majani yalikuwa yameoza yakawa tope jeusi, na ubao wa kasha ulikuwa na manyoya meupe ya kuvu. Heshima yote ile ya alfajiri ilikuwa imetiririka maji ndani ya mbao.

"Mmevipika kwa mvuke," akasema. "Kama mboga."

Mtawa Hyegwan, mnene, mwenye kucheka hovyo, ambaye hekalu lake dogo lilikuwa kando ya pango, alikuja kuangalia, na safari hii hakucheka. Walitoa majani yote siku hiyo hiyo, wakafuta mbao kwa vitambaa. Lakini Okbun aliweka pua kwenye mwanya wa kasha moja baada ya jingine, na kila mara akatikisa kichwa. Unyevu ulikuwa umeshaingia ndani.

"Yafunguliwe," akasema. "Vitabu vianikwe. Hewa ya mwezi wa nane ndiyo hii, mvua zimekwisha, upepo mkavu. Tukikawia mwezi mmoja, mtakuwa mnalinda mbolea."

"Haiwezekani," akasema Bwana Im.

Sheria kila mtu pale aliijua. Kasha la kumbukumbu hufunguliwa na mwandishi aliyetumwa na ikulu tu. Kila mwaka wa tatu huja, huoga, huvaa joho la ibada, huvunja mihuri na kuanika vitabu juani. Mwingine yeyote akisoma, shingo yake ni halali ya upanga. Hata mfalme haruhusiwi kusoma, maana akisoma atataka kufuta, na mwandishi akijua hivyo ataandika uongo.

"Huyo mwandishi yuko wapi?" Okbun akauliza.

"Yuko na mfalme. Kaskazini."

"Na katikati?"

"Katikati kuna jeshi la wavamizi, Mama Bau. Unajua."

Alijua sana. Bau, mwanawe wa pekee, alikuwa huko kwenye kikosi cha wakulima waliojitolea, na habari zake za mwisho zilikuwa na siku ishirini.

Siku tatu walibishana. Okbun alipika, akabisha. Akaosha bakuli, akabisha. Bwana Im alikataa kwa upole uleule. Siku ya nne Okbun alichoka na upole.

"Unaogopa shingo yako," akamwambia.

"Shingo hii imeshakula wali wa kutosha," Bwana Im akajibu. Hakukasirika, na hilo likamuumiza Okbun zaidi. "Naogopa macho yangu. Unamkumbuka babu yangu?"

Nani asingemkumbuka? Kijiji kizima kilijua. Babu yake Bwana Im alikuwa ofisa ikulu, akashitakiwa kwamba amemtukana mfalme, akanyweshwa sumu. Familia ikarudi kijijini na aibu, na mpaka leo hapakuwa na mtu aliyejua kama yule mzee alitenda au alisingiziwa.

"Yumo humo," Bwana Im akasema. "Kasha la hamsini na mbili. Nimeona jina la mfalme kwenye lebo tulipokuwa tunapandisha. Nililibeba mimi mwenyewe, kwa mgongo huu. Miaka sitini nimetaka kujua. Ukilifungua mbele yangu, Mama Bau, nitasoma. Najijua. Nikishasoma, mimi si mlinzi tena, ni mwizi."

Okbun alimhurumia. Aliondoka akaenda kukoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa, na akiwa pale, anamsikia mpagazi Chilbok akimdanganya mtawa kwamba jana alikutana na chui akamsalimia, wazo likamjia.

"Chilbok," akaita. "Wewe unajua kusoma?"

"Shangazi, mimi jina langu lenyewe nikiliona njiani sitalitambua. Tutapishana tu."

"Na wapagazi wenzako walioko chini?"

"Wote mabubu wa maandishi, tangu babu na babu."

Okbun akarudi kwa Bwana Im, mikono kiunoni. "Sheria inakataza kusoma, sivyo?"

"Inakataza kufungua."

"Inakataza kufungua kwa sababu gani?"

"Kwa sababu anayefungua atasoma."

"Basi. Mimi nikifungua sisomi. Nikitazama ukurasa naona nyayo za kuku. Sisi ambao mmetucheka miaka yote kwa ujinga wetu, leo ndio peke yetu tunaofaa. Nyinyi wenye elimu kaeni mtupe mgongo."

Mtawa Hyegwan alicheka mpaka akakaa chini. Bwana Im hakucheka. Akachukua daftari la zamu, akaandika mstari, akasoma kwa sauti: "'Nimeamuru mimi, Im Segyun, peke yangu.' Wakija na upanga, wasihangaike kutafuta mtu."

"Ongeza na mimi," akasema Okbun.

"Hapana."

"Nani alisema yafunguliwe?"

"Mama Bau, nimekubali jambo moja leo. Usiniombe la pili."

Kesho yake, jua lilipopanda vizuri, walioga wote kijitoni, maana Bwana Im alisema kama sheria inavunjwa basi ivunjwe na watu safi. Mbele ya pango palikuwa na mwamba mpana kama ua wa nyumba. Wakatandika mikeka. Chilbok na wenzake watano wakatoa makasha moja moja, na Okbun akavunja mihuri kwa kisu chake cha jikoni.

Bwana Im na Mtawa Hyegwan walikaa ukingoni, nyuso zimeelekea bonde. Bwana Im alikuwa amejifunga kitambaa machoni. Mtawa alisema yeye kitambaa kinamwasha, atatumia imani.

Okbun aliwafundisha wenzake. Kitabu hakishikwi kwa kidole kilicholowa. Hukitupi, hukikunji. Unakisimamisha kwenye makali yake, kurasa zimefunguka kidogo, upepo upite. Kuvu unaifagia kwa brashi ya manyoya, taratibu, kutoka mgongoni kwenda nje. Na ili mpangilio usipotee, aliweka vitabu kama anavyoweka mitungi yake ya soya nyumbani: kilichotoka kwanza kushoto, cha mwisho kulia, na jiwe moja mwishoni mwa kila kasha.

"Shangazi, hiki kiko juu chini?" Chilbok akauliza.

"Nitajuaje?"

"Nimekigeuza mara tatu. Kila upande kinanikasirikia sawasawa."

"Kirudishe ulivyokikuta."

Hali ya hewa iliwapenda. Walikula mchana kwa zamu, wali wa shayiri na figili za chumvi, mbali na vitabu, na Okbun alijikuta anaimba chini chini. Alikuwa na furaha, wala hakuona sababu ya kuificha. Tangu Bau aondoke hakuwa ameshika karatasi nzuri namna ile, na siku tatu walifanya kazi hivyo bila hata wingu moja.

Kasha la hamsini na mbili lilifika siku ya tatu, alasiri. Okbun hakusema kitu, lakini Chilbok, ambaye hesabu angalau aliijua, alilitaja kwa sauti akipita, na mabega ya Bwana Im yakakakamaa. Okbun akalifungua mwenyewe. Vitabu vyake vilikuwa vimeumia kuliko vyote. Alivisimamisha kimoja kimoja karibu na ukingo, palipokuwa na upepo mzuri zaidi, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu upepo ukazidi.

Ulikuja mara moja kutoka bondeni. Ukamkumba Bwana Im usoni, ukamng'oa kitambaa, ukaangusha safu nzima ya vitabu. Kimoja kikateleza juu ya mwamba, kikasimama kwenye goti lake, wazi.

Okbun alikuwa hatua kumi nyuma yake, na hatua kumi ni nyingi kwa mtu aliyengoja miaka sitini. Aliona kichwa cha mzee kikianza kuinama. Akaona kikisimama. Kisha Bwana Im akanyoosha mkono juu, akavua kofia yake ya singa, ambayo hakuna mtu kijijini aliyewahi kumwona bila kuwa nayo, akaiteremsha juu ya kitabu akiwa ametazama mbinguni.

"Mama Bau," akasema, sauti ikikwaruza, "njoo uchukue kitu chako."

Okbun akaja mbio. Kishungi kidogo cha nywele nyeupe utosini mwa mzee kilikuwa kinatikisika kwa upepo. Akakitoa kitabu chini ya kofia, akakifunga, akakipeleka mbali, kisha akainua karatasi ya mwisho, ile isiyo na maandishi, akaielekeza juani kuona kama unyevu umetoka. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama anavyofanya kwa kila karatasi.

Jua lilipita katikati ya karatasi, likaonyesha mistari myembamba ya mkeka wa mianzi uliotumika kuchotea rojo la magome karatasi ilipotengenezwa. Na pembeni, chini, palikuwa na alama ndogo: mafundo matatu yamekaribiana, mithili ya unyayo wa ndege.

Kila nyumba ya watengeneza karatasi husuka mianzi ya mkeka wake kwa singa za farasi, na kila nyumba hufunga fundo la mwisho kwa namna yake. Mafundo matatu yaliyokaribiana ni ya nyumba moja tu. Bibi yake Okbun ndiye aliyemfundisha kuyafunga, akimpiga kofi dogo la mkono kila alipokosea.

Akafungua kitabu kilichofuata. Alama ile. Na kilichofuata. Kasha zima.

"Shangazi, kuna nini?" Chilbok akauliza. "Unalia? Usilie juu ya kitabu, tumehangaika kukausha."

Okbun akaenda kulia pembeni, kwenye kichaka, kama mtu mwenye adabu.

Jua lilipoanza kuegemea milima, vitabu vyote vilikuwa vimerudi ndani vikavu, kwa mpangilio wa mawe, na Bwana Im amepiga muhuri wake juu ya kila kasha. Kisha akakaa na daftari la zamu, kofia imerudi kichwani. Okbun akaketi mbele yake.

"Leo nimemwona bibi yangu," akamwambia, akamsimulia kuhusu mafundo matatu.

Bwana Im alisikiliza mpaka mwisho. "Una bahati," akasema, na alimaanisha.

"Babu yako naye yumo, bwana. Sikumtambua, mimi simjui kwa maandishi. Lakini kila ukurasa wa kasha lile nimeupitisha mkononi, mmoja mmoja, hakuna niliouruka. Kwa hiyo nimemshika. Yumo, amelala kwenye karatasi ya bibi yangu, na amekauka vizuri."

Bwana Im aliweka kalamu chini. Machozi yalimshuka, naye akayaacha yashuke kwanza, kisha akayafuta kwa mkono wa joho. Baadaye akaichukua tena kalamu, akaandika maneno machache chini ya yale ya siku ile.

"Umeandika nini?" Okbun akauliza.

"Jina lako. Uliloomba."

Okbun akaligeuza daftari, akatazama nyayo zile za kuku, zikingali mbichi kwa wino. Akaipuliza karatasi mpaka ikakauka.

"Uji umebaki?" Bwana Im akauliza.

"Umebaki," akasema, akaenda kumpakulia.