Madaftari ya Tosa

Mwaka 1973 Peres alikuwa mpiga taipu katika ofisi ya Jamleck, ghorofa ya pili, River Road. Kazi zao zilikuwa barua za kuomba kazi, wosia na hati za mashamba. Siku moja akaja Bwana Morioka, injinia Mjapani aliyeishi mtaa wa Loresho, na madaftari manne. Alikuwa ameandika kwa Kiingereza historia ya Tosa, jimbo la kwao.

"Liko upande gani?" Peres akauliza.

"Halipo. Lilifutwa mwaka 1871."

Peres akaingiza karatasi kwenye mashine.

Daftari la pili lilisimulia jinsi mtawala mgeni alivyopewa Tosa baada ya vita, akaja na watu wake. Wenyeji wakawekwa chini, wakakatazwa hata kuvaa viatu fulani. Jamleck aliokota ukurasa, akausoma akiwa amesimama.

"Hii ni Kiambu, walipokuja walowezi?"

"Ni Ujapani."

"Mwaka gani?"

"Elfu moja mia sita na kitu."

Jamleck akaurudisha ukurasa taratibu, akaenda kusimama dirishani.

Katika daftari la tatu, wenyeji wakaidi walialikwa kutazama mieleka ufukweni. Walipofika, wakakamatwa, wakauawa. Sentensi iliyofuata ilihusu bei ya karatasi za Tosa. Peres akasimamisha mashine. Jumamosi Bwana Morioka alipokuja, alikuta kazi imekwama.

"Watoto wao walienda wapi?" Peres akamuuliza.

"Sijaandika."

"Nimeona. Siwezi kuruka kutoka kwa maiti hadi kwa karatasi, Bwana Morioka."

Bwana Morioka akavaa kofia yake. "Nitamwuliza kaka yangu, kule Ujapani."

Jibu lilichukua wiki saba. Bwana Morioka alilisoma kwa sauti, akitafsiri polepole. Kaka yake hakujua watoto walikoenda. Alichojua ni kwamba babu wa kale wa ukoo wao alikuja na yule mtawala mgeni, na siku ya mieleka alikuwa miongoni mwa walinzi waliowakamata wenyeji.

"Ulikuwa unajua?" Peres akauliza.

"Nilikuwa nashuku."

Bwana Morioka aliketi kwenye benchi la wateja, akaandika ukurasa mmoja juu ya babu huyo, akaufuta, akaandika mwingine.

"Unaweza kuupiga kwa herufi ndogo?"

"Mashine ina saizi moja," Peres akasema.

Akaupiga. Alipofika kwenye jina la Morioka, aliuliza herufi moja moja, asije akakosea.