Kura ya Ngazi Pale Shuleni

Chama chetu kina jina refu ambalo hata mimi, Katibu Mkuu, nikiwa na njaa nalikosea. Watu wanatuita Ngazi tu, kwa sababu ndiyo alama yetu kwenye karatasi ya kura. Wenye maneno yao husema ni ngazi isiyo na ukuta wa kuegemea. Kazi yangu hasa ni kushona viatu. Ukatibu nilipewa na kaka yangu, Mwenyekiti. Aliniambia kaa hapa, nikakaa.

Kaka alifariki mwaka jana. Ofisi ya chama ni chumba cha mbele cha nyumba yake: meza, bendera, na viti vya plastiki ambavyo kila msiba wa mtaani unaviazima na kuvirudisha pungufu. Kila asubuhi, kabla sijafungua kibanda changu, napita pale, nafagia, nafungua dirisha, nakaa. Hakuna anayekuja. Shemeji, mjane wa kaka, alikuwa akinipitishia kikombe cha chai dirishani bila neno, anaondoka. Kwangu sina mtu, na wateja wangu wanasalimia viatu vyao. Sioni haya kusema kwamba nilikuwa mpweke, na kile kikombe ndicho kilichokuwa kikiniamsha kitandani.

Uchaguzi ulipokaribia, shemeji alikuja akasimama mlangoni.

"Kuna fundi cherehani anataka kupanga hiki chumba."

"Shemeji, hii ni ofisi."

"Ofisi ya nani? Chama kimenilia mume, sasa kinanilia na chumba."

Alikuwa anasema kweli. Kaka alikuwa akitoka kwenye mikutano usiku, anamkuta mwenziwe amelala na chakula kimefunikwa.

"Basi tufanye hivi," akasema. "Matokeo yakibandikwa pale shuleni, Ngazi ikiwa na kura hata moja, kaeni. Ikiwa sufuri, unanipa ufunguo, na usininunie."

Nilicheka moyoni. Kura moja tu? Mimi mwenyewe nimeandikishwa kupiga kura pale shuleni. Nikamwambia nimekubali.

"Na mimi usinitie hesabuni," akaongeza. "Kupiga kura nimeshaacha."

Sasa, kaka alituachia amri moja ambayo hatujawahi kuivunja: wakala wa Ngazi asilinde kura kwenye kituo cha kwao. Jirani, alikuwa akisema, atakulainisha kwa kikombe cha chai, na wewe utafumba macho. Zamani amri hiyo haikutudhuru, tulikuwa wengi. Safari hii wanachama hai tulikuwa sita, na mmoja wetu alikuwa hai kwa maana ya kupumua tu. Nikawatawanya wote mjini, kila mtu mbali na kwao, na mimi nikajipeleka ng'ambo kabisa, kituo cha sokoni. Nilijisifu kwa mpango ule kama jenerali.

Siku ya kura nilikaa kwenye benchi la mawakala toka asubuhi, nimekodoa macho. Foleni ilipokwisha, jioni, nikanyanyuka nikaomba karatasi yangu. Nilikuwa na hakika kwamba wakala anapiga kura pale pale anapolinda, kisha kura yake inapelekwa kuhesabiwa kwao.

Msimamizi akapekua daftari lake. "Jina lako halipo hapa, mzee. Ungepiga kwenu."

"Kwetu ni ng'ambo ya mji."

"Na tunafunga sasa hivi."

Sita tulikuwa tumekaa kulinda kura, na hakuna aliyebaki wa kuzipiga. Wakala wa chama kikubwa aliyekaa karibu yangu akaniuliza mbona natoka jasho hivyo. Nikamwambia joto.

Asubuhi nilikwenda shuleni na ufunguo mfukoni, tayari kuukabidhi. Watu walikuwa wamejaa ukutani yalipobandikwa matokeo. Muuza magazeti akanipiga bega.

"Katibu, hongera. Angalau umejipigia mwenyewe."

Nikasogea. Mstari wa mwisho kabisa, Ngazi: moja. Waliokuwa karibu wakacheka, na mimi nikacheka nao, huku nausoma tena ule mstari. Mimi sikupiga. Wenzangu wote walikuwa mbali.

Nilimkuta shemeji ukumbini, ungo wa mchele mapajani, anachambua kwa mkono mmoja. Wa kushoto alikuwa ameuficha ndani ya mtandio.

"Yametoka?" akauliza bila kuniangalia.

"Yametoka. Tumepata moja."

"Ndiyo hiyo yako. Kujipigia si dhambi."

"Shemeji, mimi jana sikupiga kura. Kituo kilifungwa mimi niko kule sokoni."

Akaendelea kuchambua mchele ambao ulikuwa umeshatakata. Kisha akataka kunyanyuka, na ungo ule haunyanyuliwi kwa mkono mmoja; ikabidi autoe na wa kushoto. Kidole chake cha mwisho kilikuwa na wino mweusi mpaka kwenye ukucha. Aliona kwamba nimeona.

"Yule fundi ana kelele," akasema. "Cherehani inalia kutwa nzima. Halafu wewe asubuhi ungekuwa unapita wapi?"

Nilikwenda chumba cha mbele, nikafagia, nikafungua dirisha, nikakaa kungojea kikombe changu. Hakuja dirishani. Aliingia kwa mlango na vikombe viwili, akakaa kwenye kiti cha Mwenyekiti.