Jino la Mwisho Karibu na Mpini

Kila mnoaji wa misumeno ana mkono wake, na Elwin Tarbox aliujua wake kama anavyokijua kikohozi chake. Tupa yake ilipita mara mbili kwa kila jino, si tatu, na jino la mwisho kabisa, lile lililo karibu na mpini, hakuligusa. Baba yake alimfundisha hivyo akiwa na miaka kumi na miwili. Jino hilo halikati kitu, alimwambia, liache, ili mtu akilipapasa miaka hamsini baadaye ajue msumeno ulipita kwa nani.

Jumanne moja ya mwezi wa Machi, theluji ikiwa bado imelala uani, Royce Pelkey aliingia karakana bila kubisha hodi.

"Tarbox, hujafa tu?"

"Nakusubiri wewe utangulie, nirithi zile randa zako."

"Utazirithi ndotoni. Haya, shika. Ni huu huu ulioninolea kabla ya Krismasi. Nimekatia mbao za mwaloni majira yote ya baridi, sasa umekuwa butu kama ufizi wa bibi yangu."

"Jumamosi."

"Jumamosi, mzee."

Royce akapitia mlango wa ndani kwenda jikoni kunywa kahawa, kama kawaida yake. Elwin akaubana msumeno kwenye jiliwa, akapitisha kidole gumba toka nchani kurudi nyuma, polepole. Kidole kilipofika mwisho, ambako kwa kawaida hakukipeleka, kikasimama. Jino la mwisho lilikuwa limenolewa.

Akapapasa tena, akidhani amekosea. Akapapasa mara ya tatu. Tupa ya mtu mwingine ilikuwa imepita hapo.

Macho yasingemsaidia. Ni mwaka wa tatu huu, katikati ya kila anachokitazama kuna doa la kijivu. Akimtazama mkewe Arvilla anaona nywele na masikio, uso hakuna. Daktari alimwambia doa litakua tu. Elwin hakumwambia mtu yeyote ila Arvilla, na akajipa moyo kwamba msumeno haunolewi kwa macho, hunolewa kwa vidole na masikio. Na nani angembishia? Wenzake wa chama cha vifaa vya zamani waliendelea kumletea misumeno ya Philadelphia, ya chuma ambacho siku hizi hakuna kiwanda kinachokitoa, waliyoiokota kwenye minada na kwenye mabanda ya wajane. Hawa si watu wa kutundika kifaa ukutani wakitazame. Wanakisugua kutu, wanakitia makali, wanakata mbao nacho. Na katika wilaya nzima waliyesema anajua kunoa ni Elwin Tarbox peke yake. Kiangazi kilichopita walimpa kibao cha shaba chenye jina lake, katikati ya karamu ya maharage ya kuoka, wakasimama wakampigia makofi. Jina alilisoma kwa kidole, mbele yao wote, akalia kama mtoto.

Sasa alikaa juu ya kigoda chake, na mambo yakaanza kujipanga kichwani. Zamani mtu akija kuchukua msumeno wake hakuondoka kabla hajakata ubao palepale, kwa mbwembwe, huku wengine wakimtania. Wameacha lini? Miaka miwili sasa kila mtu ana haraka. Huyu mkewe anamsubiri garini, yule ana ng'ombe anazaa. Ng'ombe gani hao wanaozaa kila Jumamosi?

Hakuugusa msumeno ule kwa tupa. Aliupaka mafuta tu, akauzungushia gazeti, akangoja. Zilikuwa siku nne ndefu, na kila siku alimwomba Mungu awe amekosea.

Jumamosi Royce akaja. Akafungua gazeti, akapitisha kidole kwenye meno yale yale butu aliyoyaleta mwenyewe.

"Aisee! Elwin, huu mtu ananyolea ndevu."

"Umeupapasa vizuri?"

"Nimeupapasa, bwana. Una mkono wewe! Hao wengine wanabahatisha tu."

"Ukate ubao basi. Msonobari uko hapo kwenye kona."

"Ningekata, mzee wangu, ila Joanne wangu yuko garini, na unamjua mdomo wake."

"Namjua."

Royce akaweka mezani chupa ya utomvu mtamu wa miti, aliougema na kuuchemsha mwenyewe, malipo yake ya miaka yote. Akampiga Elwin begani, akatoka. Elwin alilisikia gari likiondoka na akatamani kuirusha chupa ile ukutani. Aliona aibu hadi masikio yakawaka. Walimvisha kilemba cha ukoka, naye alikuwa amekivaa miaka miwili, amekivaa hadi kanisani.

Akaingia jikoni.

"Nani anainoa?"

Arvilla alikuwa akimenya viazi. Kisu kikanyamaza. "Ananoa nini?"

"Arvilla."

Akaweka kisu mezani. "Kuna mama mmoja huko mjini Skowhegan. Royce ndiye anayempelekea, yote."

"Tangu lini?"

"Tangu ule wa Hollis, mwenzenu wa chama, ulipokataa kukata. Mwaka juzi. Walikuja hapa wewe umelala, wanaume watatu, wamevua kofia kama wamekuja msibani. Wakaniuliza wafanyeje."

"Ukawaambiaje?"

"Nikawaambia wasikuambie."

"Wewe!"

"Mimi, ndiyo. Ungekaa humu ndani ufanye nini, Elwin? Ungesikiliza redio mpaka ufe?"

"Na kile kibao?"

Arvilla akachukua kisu. Akaanza tena kumenya viazi, na Elwin, asiyeuona uso wake, alijua kwa jinsi anavyovuta pumzi kwamba analia.

"Usiwaambie umejua," Arvilla alisema. "Nakuomba, mume wangu. Wataona haya. Wataacha kuja."

Elwin akarudi karakana. Kulikuwa na jambo moja lililobaki, na hilo ndilo lililokuwa likimnyima pumzi tangu Jumanne. Msumeno wa baba yake ulining'inia juu ya dirisha, mpini wake wa mtufaha umelainika kwa mikono ya watu wawili. Alikuwa ameunoa Februari, kwa heshima zake zote, jioni mbili nzima, akautundika bila kukatia kitu wala kuupapasa, kwa kuuamini mkono wake. Huo haukutoka humu ndani. Huo hakuna mama wa Skowhegan aliyeurekebisha.

Akaushusha, akapitisha kidole. Jino refu, jino fupi. Mawili yameegemeana, moja halipo kabisa, kama gunzi lililogugunwa na panya. Mkono uliofanya haya ulikuwa na uhakika na kazi yake. Ulipita mara mbili kwa kila jino, na mwishoni jino la karibu na mpini lilikuwa limeachwa, halina kasoro, kama alivyoliacha baba.

Hata hivyo akauweka msumeno juu ya msonobari, akavuta, akasukuma. Ukaenda upana wa vidole viwili, ukapinda kushoto, ukakwama. Akajaribu tena, akajaribu tena, na kila mara ukakwama palepale. Angeweza kuomba msamaha, lakini baba, wa kumsamehe, alikuwa kaburini tangu zamani. Akaurudisha kwenye msumari wake, akakaa chini ya dirisha, na hakuna kitu duniani alichokitaka tena.

Jumanne iliyofuata mlango ukafunguliwa.

"Tarbox! Huu wa Hollis, na huu mwingine wangu wa kuchania mbao. Vipi, Jumamosi?"

Elwin aliyashika maneno ulimini. Akiyatoa, Royce atavua kofia, ataomba radhi, atakaa dakika tano akitazama viatu vyake, na baada ya hapo gari lile litaingia tena uani siku ya mazishi.

"Jumamosi," alisema.

"Ndiyo mzee wangu huyo!" Royce akaenda jikoni kwenye kahawa yake.

Elwin aliiweka ile misumeno miwili rafuni, mbali na mkono wake, asije akaiharibu. Akatafuta chini ya meza bati la msumeno mkuukuu, lisilo na mpini, la kutupwa. Akalibana kwenye jiliwa, akachukua tupa. Mara mbili kwa kila jino. Sauti ikapenya ukuta, na kutoka upande wa pili akasikia kijiko kikikoroga, kisha Royce akicheka.

"Msikie huyo, Arvilla. Atatuzika wote."

Arvilla alisema kitu kwa sauti ndogo. Elwin akaendelea, jino kwa jino, kama anayelipwa. Alipolifikia la mwisho hakuliacha. Alilinoa nalo, mara mbili, mara tatu, mara kumi, hadi likaisha.