Hema la Watu Wawili Tu

Chumba cha Fundi na mkewe kilikuwa na milango miwili, na hapo ndipo msiba ulipoanzia. Mmoja ulitoka sebuleni, wa pili ulitokea uani, na bafu lilikuwa uani. Nyumba ilikuwa na watu kumi na mmoja. Anayetaka kunawa uso alipita kwao. Aliyeumwa na tumbo alipita kwao mbio. Miaka ishirini na mmoja ya ndoa, milango ile haikuwahi kutiwa komeo, maana ungemfungia nani? Shangazi mtu alikuwa na tabia ya kusimama katikati ya chumba, taulo begani, akasimulia ndoto yake yote tangu mwanzo mpaka alipoamka, na wenyewe chini ya shuka wakiitikia.

Aliyegawa vyumba baada ya baba kufariki alikuwa kaka mkubwa. Yeye alijipa chenye mlango mmoja.

Mke wa Fundi alikuwa karani wa zahanati, mwanamke wa maneno machache, na machache hayo hakuyarudia. Siku moja alirudi kazini akavua viatu, akamwambia mumewe:

"Nimepata likizo ya siku nne. Kuna uwanja kando ya ziwa, watu wanapiga hema wanalala. Ada yao ndogo. Tafuta hema la watu wawili. Imara, na lisitufilisi."

"Na wengine?"

"Wengine wana nyumba."

Fundi alicheka. Alipoona anacheka peke yake akaacha.

Nyumba ile haikuwa na siri. Kufika wakati wa chakula, kila mtu alishajua, na kaka mkubwa aliweka kijiko chini.

"Mna paa juu ya vichwa vyenu, mnataka kwenda kulala nje kama watu waliobomolewa nyumba?"

Lakini kaka mkubwa hakuwa mtu wa kudharau jambo muda mrefu kama anaweza kuliongoza. Kesho yake asubuhi alikuwa na mpango kamili. "Nimeulizia dukani. La watu sita linazidi bei kidogo tu. Chukua hilo. Watoto wataona ziwa, shangazi atapunga upepo. Wanaume tutalala upande mmoja, wanawake upande wa pili."

"Sawa, kaka," alisema Fundi.

Ndivyo alivyokuwa akimjibu tangu utotoni. Alimjibu hivyo alipotolewa shule akafundishwe cherehani, na alimjibu hivyo siku ya kugawiwa chumba.

Mkewe alimngoja karibu na kitanda. Alisubiri mpaka mpwa mmoja amalize kupita na mswaki mdomoni.

"Sawa ya nini?"

"Nimeitika tu."

"Basi sikiliza. Ukirudi na hema la watu sita, lala na hao watano. Mimi sitakuwemo. Si ziwani tu. Siku nne nitakaa kwa dada yangu, na sijui kama siku ya tano nitarudi."

Hakupandisha sauti. Fundi alitamani angepandisha, kwa sababu angalau angejua ni hasira.

Alikwenda dukani akiwa na suruali ya kazi, yenye madoa ya nta magotini. Kazi yake ilikuwa kushona maturubai ya malori. Madereva walimjia kutoka mbali, kwa kuwa turubai lake lilivuka mvua tatu na mzigo wa sukari ukafika mkavu. Kitambaa alikijua kama mganga anavyojua mapigo ya damu. Muuza duka, kijana mwenye tai, hakuyajua hayo, akamkokota moja kwa moja mpaka kwenye hema kubwa lililosimikwa katikati.

"Mzee, hili la watu sita. Ukiongeza kidogo tu, unapata la familia."

"Familia ninayo," alisema Fundi. "Ndiyo iliyonileta hapa. Nionyeshe ya wawili."

Yalikuwa matatu. La kwanza lilikuwa la bluu, linang'aa, na bei yake ilikuwa ya mtu anayemiliki ziwa lenyewe. Fundi aliligusa kwa adabu akalirudisha. La pili lilikuwa jekundu, limening'inizwa dirishani, limepunguzwa bei. Alikamata kitambaa kwa vidole viwili, akakivuta taratibu kwenye pindo. Kililia kama karatasi.

"Hili limekaa juani miezi mingapi?"

"Ni la maonyesho tu, mzee. Jipya kabisa."

"Jua limeshalila. Upepo wa kwanza utakula kilichobaki."

La tatu lilikuwa chini ya meza, ndani ya mfuko wake. Rangi yake ilikuwa ya matope ya mtaroni, na muuza duka alikiri kwamba wateja wakiiona rangi hawafiki kwenye bei. Fundi alilitandaza sakafuni, akapiga magoti. Aliweka mdomo kwenye kitambaa akapuliza kwa nguvu: pumzi haikutoka upande wa pili. Aligeuza mishono, akakuta imebandikwa utepe kwa ndani, kila mmoja, mpaka kwenye kona ambako mafundi wavivu huiba utepe. Sakafu ya hema ilikuwa nene na imepanda kiganja kizima ukutani, maji yakitiririka chini yasiingie. Fito zake zilikuwa za alumini, si zile za plastiki zinazopasuka zikakujaza miba. Zipu aliifunga na kuifungua mara kumi na mbili huku kijana akitazama saa.

"Linabeba watu wawili kweli?"

"Wawili wanaopendana, mzee. Wakigombana, mmoja atoke."

Fundi alilipa. Njiani, akiwa na mfuko begani, moyo ulimdunda kama aliyeiba.

Alilisimika uani mchana wa Jumamosi ili mkewe alione. Mkewe alilizunguka, akalipiga kofi ubavuni, akasema, "Baya kweli. Nimelipenda," akaingia ndani kutandika. Fundi alibaki akikaza kamba. Alilivuta kama alivyozoea kuvuta turubai juu ya mifuko ya saruji, limebana, halina ukunjo. Watu walianza kutoka ndani mmoja mmoja. Shangazi alibeba kigoda chake. Mwisho alitoka kaka mkubwa.

"Nilisema sita."

"Hili ni la wawili, kaka."

"Naona. Uliacha shule mapema, lakini si mapema kiasi cha kushindwa kuhesabu mpaka sita."

Watoto walicheka. Kaka mkubwa alizunguka hema, akainama, akachungulia mshono mmoja asioujua kichwa wala miguu. "Tena la bei chee. Haya, tulipime. Tutamwaga maji. Likiingia tone moja, Jumatatu unalirudisha, unaleta la watu sita, tunabanana tunakwenda wote. Si ndiyo jamani?"

Ua mzima ukaitika ndiyo. Fundi alifungua mdomo, na ile sawa ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Kichwa cha mkewe kikachomoza.

"Fundi. Ingia ndani."

Akaingia kwa magoti. Mkewe akavuta zipu kutoka chini mpaka juu.

Ndani mlikuwa na mwanga wa rangi ya chai. Magoti yao yaligusana, kwa kuwa hapakuwa na pa kuyaweka pengine. Fundi alitazama zipu ile iliyofungwa. Upande wa pili wake walikuwepo watu tisa, na hakuna hata mmoja aliyeweza kupita.

"Mbona wamejifungia?" sauti ya shangazi iliuliza. "Mchana wote huu?"

"Shangazi, tazama pembeni," mtu akajibu, na ua ukacheka.

Ndoo ya kwanza ilishuka juu ya paa kwa kishindo. Walitazama juu. Pakavu. Ndoo ya pili kaka mkubwa aliitupa ubavuni, kwa mkono wa mtu mwenye nia. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha doa jeusi likatanda kwenye kitambaa cha ndani, likajikusanya, tone likaanguka begani kwa mkewe. Likafuata la pili.

Fundi alijua kosa lake papo hapo. Turubai la lori sharti ligusane na mzigo, lisipougusa upepo utaingia chini yake ulichane. Hema lina vitambaa viwili, na vitambaa hivyo havitakiwi kugusana kamwe. Yeye alikuwa amekifunga kile cha nje kama anasafirisha saruji, kimelalia cha ndani, na maji yakapata daraja. Hema halikuwa na kosa. Fundi ndiye aliyekuwa nalo.

"Limevuja?" aliuliza kaka mkubwa kutoka nje. "Sema kweli."

Mkewe alimtazama. Hakulifuta bega.

"Limevuja," alisema Fundi.

Nje wakapiga makofi. "Basi! Jumatatu dukani."

"Sirudishi."

Makofi yalikatika ovyo ovyo, la mwisho likiwa la mtoto.

"Umesemaje?"

"Nimesema limevuja, na sirudishi." Sauti ilikuwa yake, ingawa ilimshangaza hata yeye. "Jaribio ni lako, kaka. Mimi sikulikubali. Likivuja tutalowa. Tutalowa wawili."

"Mimi ndiye mkubwa wa nyumba hii."

"Wa nyumba, ndiyo. Hii si nyumba."

Alifungua zipu akatoka. Kaka mkubwa alikuwa amesimama na ndoo tupu, maji yamemlowesha viatu. Kwa umri wote ule Fundi hakuwahi kumpita bila kusimama. Alimpita. Alilegeza kamba za kona mbili, akang'oa kigingi cha ubavuni, akakipigilia tena mbele kidogo, hatua moja ya mtoto, na kitambaa cha nje kikainuka kikaacha nafasi ya kupita mkono. Aliupitisha mkono, akaridhika. Kisha akarudi ndani na kufunga zipu mwenyewe.

Mkewe alikuwa amejilaza, mikono chini ya kichwa, amejitanua kadiri hema lilivyoruhusu. Alisogea akamwachia nusu.

"Shemeji," aliita kwa sauti tulivu, akitazama juu, "mwaga tena. Upande huuhuu, na usibanie maji."

Walisikia viatu vilivyolowa vikienda na kusimama, shangazi akisema kitu kwa sauti ya chini, kisha ndoo ikiwekwa chini ya bomba, na maji yakianza kujaa.